Kibaba, Kisaga, Pishi

Duka la Bunu pale Langoni lilikuwa la nafaka.
Babu yake alipimia watu mchele na choroko,
na vipimo vyake vya mbao vingali rafuni,
kati ya chaja na spika:
kibaba,
kisaga kilicho vibaba viwili,
pishi iliyo visaga viwili.

Nami nimekuja na pesa za hina.
Mikono ya maharusi kumi na tisa, miguu yao,
na ya mashangazi waliosema "mimi kidogo tu"
wakataka mpaka kiwikoni.
Zote zimo bahashani, zanukia karafuu bado.
Nataka laptopu ya gemu, nikasema,
na Bunu hakucheka.
Nilikuwa nimejiandaa acheke.

Akapanga tatu mezani, sura moja, rangi moja,
kama pacha walioshonewa sare.
"Kioo ni kile kile, kadi ya picha ile ile.
Tofauti ni tumbo."
Akashusha vipimo, akatua kimoja juu ya kila moja:
mia mbili hamsini na sita, kibaba;
mia tano kumi na mbili, kisaga;
terabaiti, pishi.
Kisha akakohoa. Huyu hata risiti huandika kwa vina.

*Kibaba ukichukua, wiki mbili kimejaa,*
*Mchezo hukitanua, kufuli likakataa,*
*Pishi unaitambua, lakini mfuko njaa,*
*Kisaga kukinunua, dadangu, ndiko kwafaa.*

Nikamwambia, Bunu, vina vitamu,
lakini hesabu yangu naijua.
Mfumo wenyewe hukaa kwanza, mgeni mnene kitandani,
gigabaiti arubaini hata viatu hajavua.
Gemu la vita, mia na ishirini.
La mpira, hamsini, na kila msimu laota kitambi.
La magari sijalitaja.
Na diski haitaki kushiba mpaka kooni,
itaanza kuhema.

"Si ufute moja ukitaka jingine?"
akasema kijana aliyengoja simu yake itengenezwe.
Futa!
Huyu kwao kuna waya wa intaneti.
Kwetu Mkomani, nyuma ya kuta za matumbawe,
mtandao hufika umechoka.
Gemu moja nimelipakua usiku nne,
darini, simu nimeifunga kwenye mpini wa ufagio,
na bando likakatika kwenye tisini na sita kwa mia.
Anayeteka kisimani hamwagi.

Tena niliwahi kufuta.
Ile ya zamani ilijaa, ikaniandikia hakuna nafasi,
nami kwa haraka nikafagia faili nisilolijua jina.
Kumbe la Lali, binamu yangu, aliyeko Dammam:
timu yake, msimu wa tisa,
golikipa aliyempa jina la punda wetu, Bamvua,
kombe limebakia mechi mbili.
Idi alipopiga simu akauliza, "Wanangu wapo?"
Nikasema wapo.
Sijamwambia mpaka leo.

Nikaivuta ile ya katikati.
Bunu akafungua skrubu saba, akanionyesha:
kando ya diski, tundu la pili, tupu, safi,
kama kidaka ambacho hakijapata bakuli.
"Hili utalijaza siku yake," akasema.
"Harusi za Mfunguo Tatu zaja."

Nikalipa kisaga.
Zilipungua elfu tatu,
akaandika deni nyuma ya risiti, kwa vina. Sijausoma ubeti wote.

Usiku wa tatu mpira ulipomaliza kushuka,
vita bado, magari bado,
nimefungua faili jipya nikaliita Lali.
Timu ina mchezaji mmoja tu.
Bamvua, amesimama golini peke yake,
glavu kubwa kuliko kichwa,
na chini, kwa herufi ndogo:
nafasi iliyobaki, mia tatu themanini na sita.